Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Ukucha wa kidole gumba cha Anyitike ulizama kwenye tairi langu kama unavyozama kwenye ganda la chungwa. Aliuchomoa, akautazama, akaunusa. Kisha akanigeukia kwa aibu, kama mtu aliyefunua chungu cha jirani bila kukaribishwa.

"Mama Paulina," alisema, "samahani. Mbona tairi linanuka mchuzi?"

Nilimchapa kofi la mkononi, wala si kwa utani. Dereva wa juzi tu, ameshuka kutoka Tukuyu na cheti chake kwenye bahasha ya kaki, anaingia stoo kwangu na kuchoma ukucha kwenye matairi niliyoyatunza miaka kumi na moja! Hata mkuu wa mradi alikuwa hagusi kitu mle ndani kabla ya kupiga hodi.

"Toa mkono wako," nilimwambia. "Hayo si maembe ya sokoni, ubonyeze ndipo ununue."

Stoo ile ilikuwa ya Mradi wa Macho, pale Miyuji, Dodoma, na mimi, Loisi, nilikuwa mtunza stoo tangu kuta zake zilipopigwa chokaa mara ya kwanza. Mradi ulikuwa na Landrova moja na tela moja. Tela yenyewe ilikuwa nyumba kamili ya mabati, yenye madirisha, sinki, matangi ya maji, jenereta na kitanda cha chuma, ambapo wazee walilazwa kutolewa mtoto wa jicho. Wazungu waliojenga barabara walikuwa wakilala ndani yake. Walipoondoka walituachia, nasi tukaibandika jina la Jumba. Ilikwenda kwa magurudumu manne, mawili kila upande. Mwaka ule wa tisini na tatu ilikuwa imeshapasua matairi mara tatu katika safari tatu. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye mteremko. Tela iliyumba, ikaikokota Landrova kando, na gari likasimama gurudumu moja likiwa hewani juu ya korongo. Hakufa mtu, tunashukuru. Lakini nesi wetu Mwanahawa, aliyekuwa kiti cha nyuma, ilibidi ashushwe kwa kushikwa mkono.

Kwa hiyo safari iliyofuata, ya kwenda Haneti, ilihitaji matairi manne mapya. Na matairi manne mapya nilikuwa nayo.

Msioukumbuka mwaka themanini na mbili mtanicheka. Wakati ule tairi lilikuwa halinunuliwi, linaombwa. Uliandika barua, ikapanda mkoani, ikarudi na muhuri, ukapanda nayo treni mpaka Dar es Salaam. Huko nilikaa kwenye benchi siku kumi na moja, nikiambiwa njoo kesho na bwana mmoja ambaye kila nilipomkuta alikuwa anatafuna korosho. Siku ya kumi na mbili alichoka kuniona, akanipa. Nilirudi na matairi yangu manne ndani ya behewa la mizigo, nikiwa nimeyakalia, na kila treni iliposimama nilishika rungu. Tulipopita Gulwe mlinzi wa behewa akaniuliza kama ndani ya matairi nimeficha dhahabu. Nikamwambia dhahabu nani anaitaka.

Tela wakati huo ilikuwa bado na matairi yake mazuri, kisha mafuta ya gari yakaadimika, ikaegeshwa miaka. Mimi nikabaki na hazina yangu. Mkuu wa zamani alitaka mawili ayafunge kwenye gari la shemeji yake. Nilimwambia ufunguo umepotea, na ukaendelea kupotea mpaka alipohamishwa. Mtu mwingine alinijia na gunia la sukari. Gunia zima, wakati watu wanakunywa chai ya chumvi! Nilikataa, na siku hizo mjini waliniita Mama Matairi, nami nilitembea kwa maringo, sisemi uongo.

Tena nilijua kutunza. Nilizaliwa upande wa Mvumi, na mama yangu alikuwa na ngozi ya kulalia aliyotoka nayo kwao. Kila baada ya mavuno aliitandaza juani, akaipaka mafuta ya mkia wa kondoo, akaisugua mpaka ikalainika kama khanga. Ngozi ile ilidumu kuliko ndoa yake. Nami kila Krismasi kaka yangu aliponiletea mkia wa kondoo, nusu ilikwenda jikoni na nusu ilikwenda stoo. Nilijifungia, nikavua viatu, nikapaka tairi moja baada ya jingine, kwenye kashata, yale meno ya kukanyagia, na ubavuni, ndani na nje. Yaling'aa. Mtu akiyaona angeapa yametoka kiwandani wiki ile.

Ndiyo maana maneno ya Anyitike yaliniingia vibaya.

"Mpira si ngozi, mama," alisema, safari hii mikono ikiwa nyuma. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionizidishia hasira. "Ngozi inakula mafuta inapona. Mpira ukila mafuta unavimba, unaoza. Na hata yasingepakwa, miaka kumi na moja ni mingi. Tairi huzeeka limekaa."

"Wewe huzeeki umekaa?"

"Nazeeka, mama. Lakini mimi sibebi Jumba."

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mradi akasema hataivuta tela kwa matairi yale. Mkuu alikuwa Bwana Respicius, mtu wa Bukoba, msomi, si mtu mbaya, ila aliiamini karatasi kuliko macho yake. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Paulina, nikwambie siri," alisema. "Orodha ya kupunguza wafanyakazi imeshafika. Wakubwa wanauliza stoo ya nini siku hizi, wakati kila kitu kipo madukani. Nikawaandikia kwamba mtunza stoo wetu ana matairi manne mapya, ya akiba, hayajagusa ardhi. Nikasema mradi gani mwingine una mtu wa namna hiyo? Jina lako likaachwa. Sasa huyu kijana anasema nini?"

Nilishikilia kiti. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, mume nilishamzika, na wajukuu wawili walikuwa wakisoma kwa mshahara wangu. Lakini niseme ukweli, kilichoniuma kwanza hakikuwa mshahara. Kilikuwa lile swali, stoo ya nini. Nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe, kila nilipopita mjini nikaona sabuni, betri, misumari, vitambaa, vyote vimetandazwa barabarani kama vile havikuwahi kuadimika. Tulizoea kuheshimiwa kwa sababu ya ufunguo. Sasa kila mlango uko wazi, na mwenye ufunguo anaonekana kichekesho.

"Anasema hajui anachosema," nilijibu. "Tujaribu tairi moja uwanjani, mbele ya watu wote. Likipasuka, nitanyamaza."

Jumamosi ile walikusanyika wote. Anyitike alilivisha tairi rimu, akalishusha kwenye shimo la kukagulia magari ili likipasuka lisiumize mtu, akawasha kompresa. Upepo uliingia. Tairi likanyooka, likajaa, likatulia pale shimoni limeng'aa kama bibi harusi. Tulisubiri. Jua lilikuwa la Dodoma, mnalijua. Ikapita nusu saa, ikapita saa, na tairi halikutoa hata mluzi. Mwanahawa akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga kigelegele.

"Haya, bingwa wa Tukuyu," nilimwambia Anyitike, "unasemaje?"

"Nasema hongera, mama," alijibu taratibu. "Lakini halijabeba kitu. Na halijatembea."

Bwana Respicius akamwambia kwamba Jumatatu ataivuta tela, la sivyo aandike barua ya kuacha kazi. Anyitike aliitikia ndiyo bwana, akaanza kukunja mpira wa kompresa. Sikumtazama usoni.

Jumapili baada ya ibada nilipitia uwanjani, si kwa kazi. Nilitaka kuliangalia tu tairi langu. Lilikuwa bado shimoni, na upepo wake wa jana. Nikashuka, nikainama, nikaona ubavuni kuna kivimbe, ukubwa wa yai la kuku. Nikaligeuza. Upande wa pili viwili. Na pale mpira ulipovutika, chini ya ule mng'ao wangu, palikuwa pamefunguka mipasuko, mingi, mifupi, kama magaga ya mguu wa mtu anayetembea peku. Nilibonyeza kivimbe kwa kidole. Kiliingia ndani, kikabaki na alama.

Nilijua papo hapo. Hakuna aliyehitaji kunieleza kitu. Na nilichofanya baada ya kujua, leo bado nakionea aibu: nilitoa ufunguo wa stoo mfukoni, nikabonyeza sindano ya valvu kwa ncha yake, nikautoa upepo wote. Tairi liliposinyaa vivimbe vikapotea, mipasuko ikafumba. Nikafuta vumbi kwa upindo wa khanga. Likawa jipya tena.

Nilikuwa bado nimechuchumaa niliposikia hodi. Alikuwa Mwanahawa, na kikapu.

"Shikamoo, Mama Paulina. Nimekuja kuomba bandeji za kupakia kesho. Naona na wewe umeshindwa kukaa nyumbani."

"Marahaba. Nakagua kagua tu."

Akakaa ukingoni mwa shimo, akaning'iniza miguu. Akaniambia kwamba tangu ile siku ya korongo alikuwa halali vizuri, na Ijumaa alikuwa ameshaandika barua ya kuomba abaki ofisini. Mume wake ndiye aliyemwomba aandike, kwa sababu mtoto wao alikuwa hajaacha kunyonya.

"Lakini jana nilipoliona hili tairi lako limekaa na upepo ule, nikaichana barua. Nikamwambia baba wa mtoto, haya ni ya Mama Paulina, haya ninayajua. Kesho nitalala njia nzima mpaka Haneti."

Alicheka. Nami nilicheka. Nikapanda kutoka shimoni, nikamfungulia stoo, nikamhesabia bandeji zake, nikafunga, nikaenda nyumbani. Kila nilipoinua tonge nilimwona yule binti amelala kwenye kiti cha nyuma, shingo imeegemea dirisha, na mimi ndiye niliyemlaza.

Nilijiambia mengi. Nilijiambia labda yatafika. Haneti si mbali, na Anyitike huendesha polepole. Nilijiambia nikisema sasa nitakuwa nimejifukuza mwenyewe, na nani atalipa ada ya wajukuu? Halafu nikakumbuka kwamba sikuwa nimeziwazia ada hizo nilipokuwa napiga kigelegele. Nilitaka tu nisiwe nimekosea. Miaka kumi na moja ya kujifungia ndani, viatu nimevua, nikiua kitu kwa mikono yangu huku nikijisifu! Ningeyaacha tu kwenye kona yenye giza, bila kuyapaka chochote, labda yangekuwa na uhai kidogo. Nililia, nikajifuta, nikanoa kisu cha jikoni.

Jumatatu asubuhi Bwana Respicius alinikuta uwanjani nimekaa kwenye kigoda, matairi manne yamelala mbele yangu, kila moja limechanwa ubavu mzima. Kisu kilikuwa kimepita kama kwenye maini. Anyitike alikuwa amesimama kando, ameshanipa tambara nijifute mikono.

"Umefanya nini?" Bwana Respicius aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeyachinja, bwana."

"Hii ni mali ya mradi!"

"Ilikuwa mali. Ilishakufa siku nyingi, na aliyeiua ni mimi. Njoo utazame ndani." Nikamfunulia ubavu, akaona nyuzi zilizobaki bila kushikana na mpira, na ute wa njano ukichuruzika. Akaziba pua. "Jana lilikuwa na vivimbe. Nikautoa upepo ili msivione. Hilo nalo uliandike."

"Unajua nilichowaandikia juu yako," alisema.

"Najua. Andika upya."

Aliingia ofisini akabamiza mlango. Mwanahawa, aliyekuwa ameshafika na kikapu chake, alisikia yote. Nilisubiri anitukane, na angekuwa na haki. Alikuja akaokota kisu changu chini, akakifunga kwenye gazeti, akanipa. Hakunisemesha siku ile, wala kesho yake.

Safari iliahirishwa wiki moja, fedha zikapatikana kwa kuumia, na Anyitike akasema hatakwenda kununua bila mimi. Nilidhani ananionea huruma, nikakataa. Akaniambia, "Mama, katika mradi huu mzima ni wewe peke yako uliyewahi kuona tairi limeoza kwa ndani." Nikavaa viatu.

Kwanza alikuwa ameipeleka Jumba kwenye mizani ya ghala la mahindi, na maji na jenereta na kitanda, kila kitu kilichosafiri nayo. Tulikuwa hatujawahi kuipima, miaka yote ile! Ilikuwa tani tatu na nusu. "Kila gurudumu linabeba karibu tani," aliniambia tukiwa njiani, "na kwenye shimo, moja linabeba na la mwenzake. Kwa hiyo tunatafuta la kubeba tani na zaidi. Uzuri wa kashata baadaye."

Dukani, karibu na stendi, kijana muuzaji alituletea mbio matairi ya gari dogo. Ringi ni ileile, alisema, yanaingia vizuri. Anyitike akamwambia kuingia yataingia, kubeba ndiyo swali, akamwonyesha ubavuni palipoandikwa plai nne, yaani tabaka nne za nyuzi. Tulitaka nane. Kijana akakuna kichwa, akaingia ndani, akatoka na mengine, nane kweli, kashata nene, meusi, yanang'aa mpaka unaona uso wako.

"Haya ndiyo mama atayapenda," alisema. "Mapya kabisa, ya Dubai."

Anyitike alitafuta ubavuni kiduara kidogo chenye tarakimu tatu. Akanieleza kwamba mbili za mwanzo ni wiki tairi lilipozaliwa na ya mwisho ni mwaka. Hapa ilikuwa tatu, ila tatu ya mwaka huu na tatu ya miaka kumi nyuma huandikwa namna moja. Akasimama pale akifikiri. Mimi nilikuwa nimeshainama. Niliupaka mgongo wa mkono wangu ule mng'ao, nikaunusa. Haukuwa kondoo, ulikuwa rangi ya viatu. Nikachoma ukucha.

"Haya yamepakwa," nilisema.

"Aa, mama, hayo ni mapya, yanang'aa kwa upya wake!"

"Mwanangu," nilimwambia, "kwa mambo mengine nidanganye. Kwa kupaka, usinifundishe."

Watu wawili waliokuwa dukani wakaangua kicheko, na kijana mwenyewe akacheka, akashindwa. Tulipekua sisi wenyewe mpaka chini ya lundo la mwisho, tukapata manne yaliyofifia, yana vumbi, sura mbaya, plai nane, tarakimu za mwaka ule. Ukucha haukuingia. Ubavu ulikuwa mkavu na mgumu, haunuki kitu ila mpira. Nilikaa chini sakafuni nikayagusa moja moja. Anyitike alisimama akinisubiri, hakuniharakisha.

Barua yangu ilikuja Ijumaa. Bwana Respicius aliileta mwenyewe stoo, akapiga hodi. Ilisema nimepunguzwa, na siku yangu ya mwisho ni Jumatatu, siku ya safari. Alisema alijaribu, na nikamwamini, kwa sababu hakuweza kunitazama machoni. Nikasaini. Ila nilikosea tarehe, ikabidi nikate.

Jumatatu saa tatu asubuhi waliondoka. Anyitike alipima upepo wa kila tairi kabla jua halijapanda, akazunguka Jumba mara mbili, akapanda. Mwanahawa alikaa kiti cha nyuma. Gari lilipoanza kutembea alishusha kioo, akanipungia mkono, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikafagia stoo, nikamkabidhi Bwana Respicius funguo na daftari, nikachukua mwavuli wangu na kikombe changu. Saa sita ilikuwa imekwisha. Nilitakiwa kwenda nyumbani.

Sikwenda. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha redio. Nilijua njia ile, nilijua mawe yake na miteremko yake. Kila dakika nilisikia mshindo masikioni mwangu na hapakuwa na mshindo. Saa saba ikapita. Bwana Respicius alitoka, akaniona, akarudi ndani. Saa nane kasoro redio ilianza kukwaruza, nikainuka, kisha nikakaa tena. Haikuwa kazi yangu tena kusikiliza.

Mlango ulifunguliwa. Bwana Respicius alikuwa ameshika kisemeo, waya wake umevutwa mpaka mwisho.

"Wamefika," alisema. "Dereva hataki kuongea na mimi, anakutaka wewe."

Katika redio hatukutumia majina. Kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Sauti ya Anyitike ilitoka Haneti, imechoka, imejaa vumbi.

"Stoo, Stoo, hapa Dereva. Nimeshuka mara tatu njiani kuyagusa kwa kiganja, nione kama yamepata moto. Yote manne yamepoa. Nesi amelala, sijamwamsha bado. Stoo, unanisikia? Ova."

Nilimtazama Bwana Respicius. Alitazama ukutani. Nikakipokea kisemeo, nikabonyeza kitufe.

"Stoo nakusikia," nilisema.